Mwanya Wangu na Waya Zako

Nekesa wangu,

Umeenda Uthiru kusukwa, na vile ninavyomjua yule msusi wako na umbea wake, hutarudi kabla giza kuingia. Afadhali. Nina mambo ya kukuambia, na nikiyasema kwa mdomo nitayaharibu, kwa sababu mdomo wangu ukikasirika hauchagui. Kalamu inanipunguza mwendo. Niliishia darasa la nane, lakini mwandiko wangu mwalimu aliuonyesha darasa zima. Hilo unalijua, nimekuambia mara nyingi.

Sitaandika habari ya blanketi, wala ndoo, wala kufuli ya sanduku. Wewe ulianza kufunga mlango wa nyumba hii ukiwa bado unapanda stuli kufikia komeo. Huko Embu utajipanga. Mtu anayeenda kusomea ualimu hafundishwi kukunja shuka na mama muuza mahindi.

Hii barua ni ya meno.

Leo mchana baba yako alikuja kibandani, akakaa kwenye kreti ya soda na hindi nililompa, akauliza hali ya mkaa, akauliza hali ya mvua, akauliza hata hali ya paka wa jirani. Nikajua kuna neno. Mwishowe akasema, "Mama Nekesa, usinipigie kelele mbele ya watu. Mtoto ameniambia kesho tukifika tao, pale mjini, kabla ya kupanda gari la Embu, anataka apitie kwa daktari atolewe zile waya za meno."

"Zikazwe, unamaanisha."

"Zitolewe. Anasema aende chuo bila."

"Daktari si alisema bado mwaka mzima?"

"Nilimwambia hivyo."

"Na akasema?"

"Akasema anajua."

Mahindi yaliungua, Nekesa. Mimi! Mimi ambaye watu wanatoka Kawangware kwa miguu, wanapita vibanda vya wengine wote njiani, wanakuja Kabiria kwa Mama Nekesa kwa sababu mahindi yangu hayajawahi kuonja moshi. Leo yaligeuka mkaa juu ya mkaa, na mteja amesimama hapo na ndimu mkononi akiniangalia. Nikamwambia anitazame vizuri, asije akasema siku nyingine kwamba hajawahi kuniona nimekosea.

Nilikasirika hivi. Kwanza nilijiambia, kuna mtu amemcheka mtoto wangu. Nikaanza kuwahesabia dhambi zao mmoja mmoja.

Nilianza na yule msichana wa pale mapokezi kwa daktari. Unakumbuka siku ya kwanza? Nimevaa ile suti yangu ya zambarau ya harusi za watu, nimepaka mafuta mpaka vifundo vya miguu, na yeye bila kuinua macho akaniambia, "Mama, wa kufagia huingilia mlango wa nyuma." Nilimwambia, "Mlango wa nyuma ni wa nyumba yenu. Mimi nimemleta mgonjwa." Ulinivuta mkono, ukasema, "Mama, wacha tu." Sikuwacha, na sitawacha hata leo. Kila tukienda huwa namsalimia kwa sauti kubwa ili ajue bado ninakumbuka.

Nikaja kwa yule kijana wa bodaboda anayeegesha karibu na kibanda. Wiki ile ya kwanza, umekaa nyuma yangu mashavu yamevimba, akapaza sauti: "Niaje msupa! Hizo waya zinashika redio gani?" Wenzake wakaanguka juu ya pikipiki zao kwa kicheko. Mimi nilimwambia zinashika mpaka mbinguni, na huko nimesikiliza kutwa nzima, jina lake halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Mpaka leo akinunua hindi huniita mamangu.

Nikawafikia wale wateja wanaojifanya wachekeshaji. "Mama Nekesa, umemfunga mtoto mdomo asikumalizie mahindi?" Na mwingine, huyu ni mtu mzima kabisa, mzee wa kanisa: "Huyu msichana mbona hali mahindi ya mama yake? Kwani umeweka nini ndani?" Mtoto aliyeanza kutafuna mahindi ya kuchoma kabla hajajua kuongea, leo hawezi kuuma hindi kwa sababu vile vidude vya chuma vitang'oka, na mtu mwenye akili timamu anauliza nimeweka nini. Nilichukua kisu mbele yake, nikakata punje zako ndani ya bakuli, nikamwambia, "Tazama, mzee. Wangu anakatiwa kama mtoto wa mfalme. Wewe endelea kung'ata."

Hata baba yako sikumwacha nje. Unakumbuka ule usumbufu wa waya kukuchoma shavu? Mtu ameuza waya River Road maisha yake yote, waya za kufungia mbao, waya za kuku, waya za senyenge. Akaja na praizi! Anaipangusa kwenye suruali, anakwambia, "Panua mdomo kidogo, baba akate kale kancha." Nilisimama katikati yenu nikiwa na mwiko. Nilimwambia huyu si lango la boma. Tulitafuta ile nta daktari aliyokupa, ukaibandika, ukalala. Yeye alinuna siku mbili, anasema hatumthamini fundi.

Basi hao ndio niliokuwa nao kichwani. Nikamgeukia baba yako, nikamwambia, "Nitajie jina. Ni nani amemcheka? Nitaenda kwake na aproni hivi nilivyo."

Akatafuna. Akameza. Akasema, "Ni wewe."

"Mimi nani?"

"Wewe. Jumapili, kwenye maombi ya kumuaga. Hukumuona?"

Nekesa, nilimwambia anyamaze. Nilimwambia arudi kazini kwake akauze misumari. Aliondoka bila hata kumaliza hindi lake. Nikabaki na jiko langu, napepea, napepea, na hakuna hindi juu ya wavu.

Sasa ngoja niiandike hiyo Jumapili vile ilivyokuwa, uone kama nimeielewa.

Nyumba ilijaa. Kina mama wa kanisa walikuombea mpaka vikombe vikatikisika. Halafu chai ikaja, na mandazi, na Shangazi Robai akaanza, maana dada ya baba yako bila kuanza si yeye. Akakushika kidevu mbele ya watu kama anayekagua mbuzi. "Hebu fungua tuone. Ai! Mwanya umeenda wapi? Ule mwanya wa mama yako? Sasa huyu akipotea huko Embu tutamtambuaje kuwa wa kwetu?"

Watu wakacheka. Na mimi, badala ya kumtoa mkono kidevuni kwako, nikaingiza mdomo. Hapo ndipo penye ugonjwa wangu. Nikisikia mwanya umetajwa siwezi kukaa kimya. Nikaanza ile hadithi yangu: kwamba nikiwa msichana hakukuwa na mwanya kama wangu kutoka kwetu Bungoma mpaka Nairobi, kwamba baba yako alikuwa anakuja kununua mahindi kila jioni akiwa ameshiba, ananunua na kumpa mlinzi wa gereji, mradi tu nicheke aone. Shangazi akapiga makofi. Nikaona nimependeza. Nikaongeza: "Siku daktari aliposema mwanya utafungwa, mimi nililia kama nimefiwa. Nilimzaa na pambo, wakaniletea mtoto wa watu."

Mtoto wa watu. Nilisema hivyo, nikicheka, mdomo wazi mpaka meno ya nyuma.

Ukainuka kukusanya vikombe. Mkono mmoja umebeba trei, mwingine umeuweka mdomoni. Mimi nilikuona! Nilikuona, na nikafikiri ni andazi limenasa kwenye waya unalitoa. Hata nikakuitia kutoka kitini, "Nekesa, mswaki wako mwembamba uko dirishani!" Watu wakacheka tena.

Haya. Nimeliandika. Baba yako asije akasema sikuliandika.

Lakini usifikiri nimemaliza kukasirika. Nimebadilisha tu wa kukasirikia.

Ule mkono nimeujua tangu uko darasa la saba. Jino lilikupanda juu ya lingine huku kando, likatoka nje ya mstari kama mtu aliyenyimwa kiti, ukawa unajing'ata mdomo ukila, na watoto shuleni wakakuita majina ambayo sitayaandika kwenye karatasi nzuri kama hii. Ukaanza kucheka na mkono mdomoni. Kujibu swali darasani, mkono. Kuimba kanisani, mkono na kitabu cha nyimbo juu yake. Picha yako ya kumaliza shule, yule mpiga picha alikuambia toa mkono mpaka akachoka, na ulipoutoa ukabana midomo kama mtu anayebeba maji. Mwalimu gani anafundisha hivyo, mtoto wangu? Watoto wa darasa la kwanza wanataka kuona mdomo unavyosema a, e, i.

Na mimi mkono kama huo nilishauona mahali pengine kabla yako. Hili sikuwahi kukuambia. Wewe nimekuambia yangu ya kujisifu tu.

Nyanya yako, mama yangu, alikuwa hana meno ya mbele ya chini. Ulimjua akiwa mzee, ukadhani ni uzee. Hapana. Aling'olewa akiwa msichana, pamoja na wa rika lake, na alisema walikwenda wakiimba na hakuna aliyelia, maana bila hivyo ungeonekana si wa kwetu. Huko nyumbani pengo lile lilikuwa heshima. Halafu akaja kututembelea Nairobi, mimi bado mdogo, tunakaa na baba yangu chumba kimoja Kawangware. Watoto wa ploti wakamuuliza nani alimpiga. Watu wazima nao wakamuonea huruma, na huruma yao ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Siku ya tatu mama yangu, mwanamke aliyekuwa akicheka ng'ambo ya mto na watu wakasikia, nilimkuta ameketi mlangoni na ncha ya leso mdomoni. Alikaa nayo hivyo mpaka alipopanda basi kurudi. Mimi niliona aibu kutembea naye kwenda sokoni. Ndiyo, mimi.

Kwa hivyo leo, nikipepea jiko lisilo na kitu, nilijiuliza kwa sauti mpaka mteja akageuka: hii "kwetu" ya Shangazi Robai inataka nini na meno ya wanawake? Kwa mama yangu ilitaka atoe. Kwangu inataka mwanya. Kwako inataka usiguse. Kesho kutwa itataka nini tena? Na sisi ndio tunaoibebea maneno, tukicheka, na chai mkononi! Shangazi mwenyewe ana meno ya kuweka na kutoa, usiku yanalala kwenye glasi, na hakuna aliyemuuliza tutamtambuaje. Hilo usimwambie. Au mwambie, mimi sitajali.

Sasa nirudi kwa daktari, kwa sababu kuna jambo umelibeba vibaya, na aliyekubebesha ni mimi.

Siku ile nilimwambia yule daktari, tena kwa kiburi, "Tengeneza yote, lakini mwanya usiguse. Huo ni wangu." Kama vile niliuacha kwako kwa muda tu. Daktari yule ni msichana mdogo lakini hana haraka. Akaniambia, "Mama, hili jino la kando halina pa kusimama. Ili lishuke lipate nafasi, nafasi itoke wapi?" Nikasema atafute. Akasema, "Nimetafuta. Iko hapa katikati. Ama tutumie mwanya, ama ning'oe jino zima." Nikakuangalia wewe, nikitegemea utakuwa upande wangu. Ukatoa mkono mdomoni, ukamwambia, "Daktari, tumia mwanya." Waziwazi. Sikuwahi kukusikia ukimjibu mtu mzima hivyo.

Nilinyamaza kutoka mjini mpaka Kabiria. Mimi, kunyamaza! Kondakta mwenyewe aliniuliza kama nimeibiwa. Wewe ukadhani nimekasirika nawe, na sikukusahihisha, na hiyo imekaa kati yetu mwaka mzima kama mgeni asiyeaga.

Haya basi, sikiliza nilichokiona baada ya hapo.

Nilikuona ukila uji kwa kijiko cha chai na machozi yanatiririka, ukikazwa waya leo, kesho huwezi hata kuuma ndizi. Nilikuona ukiamka kabla yetu kusugua jino moja moja kwenye karai, sukuma wiki ikitolewa kwa subira kama unachambua mchele. Nilikuona umekataa njugu, umekataa miwa, umekataa hata nyama ya mfupa siku ya sikukuu, na hakuna mtu aliyekushikia fimbo. Mimi nisingeweza. Mimi ningemrudishia daktari vyuma vyake ndani ya mfuko wa plastiki wiki ya pili.

Na mwezi uliopita, asubuhi, baba yako akivaa sweta kichwa kikakwama kwenye mkono wa sweta, akawa anazunguka sebuleni anagonga kabati na kuita msaada. Ulicheka, Nekesa. Ulishika meza kwa mikono yote miwili ukacheka, na mdomo wako ukawa wazi mbele yangu kama dirisha. Waya zinang'aa. Na lile jino limeshuka. Limesimama kwenye mstari na wenzake, limetulia, kama lilikuwa hapo siku zote. Mwanya umebaki mwembamba kama uzi.

Mimi ninayejisifia kila kitu, mahindi yangu, mwandiko wangu, mpaka mkaa wangu, hilo sikumwambia mtu. Hata wewe. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo, na kambani hakukuwa na nguo. Nilikuwa nalia, na si kama nimefiwa.

Halafu Jumapili, mbele ya nyumba nzima, nikasimulia kilio cha kwanza na nikakificha cha pili. Hicho ndicho kinachoniuma. Kilio cha kwanza kilikuwa cha ujinga. Hiki cha pili ndicho ungekwenda nacho Embu.

Baba yako anasema ulimwambia, "Labda zikitolewa sasa mwanya utabaki kidogo, Mama afurahi." Kidogo! Nani alikuambia mimi nafurahia kidogo? Usinibakizie huo uzi. Mimi mwanya ninao, uko hapa mdomoni mwangu, nitazikwa nao, na Shangazi Robai akitaka kuutazama aje kibandani anunue hindi. Wako ulilipatia jino lako nafasi. Nimetoa vitu vingi kwa watu katika maisha yangu, nguo, sufuria, siri za watu, na sijawahi kuona kitu changu kikatumika vizuri hivyo.

Kesho asubuhi utaikuta hii barua ndani ya kikombe chako cha mswaki. Kwenye kopo jekundu kuna mahindi mabichi niliyoyachemsha, laini, nimeyakata punje zote. Ukifika chuo usimgawie kila mtu ili wakupende, gawa yatakayobaki.

Tutapita kwa daktari vile ulivyotaka. Yule wa mapokezi nitamsalimia, hiyo siwezi kujizuia. Kisha nitakaa kwenye benchi na baba yako, na sitaingia ndani nawe, wala sitapaza sauti kupitia mlango. Kama umechoka nazo wewe mwenyewe, umechoka na maumivu, umechoka na kusugua, umechoka na safari ya kurudi mjini kila mwezi kuzikaza, mwambie azitoe, na mimi nitakununulia hindi la kuchoma hapohapo River Road, hata kama ni la mpishi mbaya. Kama ni kwa ajili ya mwanya wangu, rudi nje tupande gari.

Daktari atakuuliza unataka nini. Umwambie wewe. Ila toa mkono mdomoni kwanza, akusikie vizuri.

Mama yako,
aliye kwenye benchi.